Kinacholia ni Hewa

Hotuba hii niliitoa mbele ya wapigaji na mafundi wa saksofoni. Waliokosa kufika waliiomba, nami naiweka yote kama nilivyoisema, pamoja na pale nilipopotea njia nikarudi.

Wazee wetu, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili iwe rahisi kutoroka: hamjambo?

Nimepewa dakika 40. Mwenyekiti anajua kwamba fundi akipewa dakika 40 huongea saa nzima, ndiyo maana amekaa hapa mbele na saa mkononi. Basi nianze na kura.

Mikono juu: nani hapa anaamini kwamba saksofoni ya fedha inatoa sauti tofauti na ya brasi? Naam. Karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa swali la pili: nani amewahi kuongeza hela mfukoni kwa sababu ya imani hiyo? Aha! Mikono imepungua, ila naona wengine wanatazama viatu vyao.

Msione haya. Mimi nilitoa hela nyingi kuliko wengi wenu, na nitawasimulia. Halafu lugha yetu yenyewe imetutega. Fedha ni madini, fedha ni pesa. Mtu akitamka "saksofoni ya fedha," sikio limeshainama kwa heshima hata kabla ridi, ule ulimi mwembamba wa kupulizia, haijalowa mate.

Ninalotaka kusema leo ni jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke: kinacholia ni hewa. Si brasi, si bronzi, si fedha. Hewa.

Kwanza tuwatambue watuhumiwa wetu. Saksofoni nyingi ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Katika kila sehemu 100, shaba ni kama 70 na zinki kama 30. Ukiongeza shaba, rangi inaelekea wekundu, na wauzaji wanaanza kutumia maneno kama "joto" na "kina." Kuna bronzi, ambayo ni shaba na bati. Kuna fedha halisi, ile ya asilimia 92.5. Na kuna ile inayoitwa fedha ya Kijerumani: shaba, nikeli na zinki. Fedha ndani yake? Hakuna hata chembe. Jina tu. Juu ya hayo kuna yale yanayopakwa: vanishi, ngozi ya fedha, ngozi ya dhahabu, vyote vyembamba mno ukilinganisha na bomba lenyewe, ambalo nalo unene wake haufiki milimita moja.

Kampuni ya Yanagisawa ya Japani, kwa mfano, imekuwa ikitoa modeli zinazofanana kwa brasi, kwa bronzi na kwa fedha, na bei zinapanda kwa mpangilio huohuo. Sisemi wanadanganya. Wanatengeneza ala safi sana, na anayetaka bronzi anapata bronzi. Nauliza tu: anaponunua bronzi, ananunua sauti gani?

Turudi kwa aliyeanzisha yote haya. Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, mtoto wa fundi wa ala na mwenyewe fundi wa klarineti. Mwaka 1846 akapata hataza ya saksofoni Ufaransa. Sasa nyinyi nyote mnajua kwamba saksofoni, pamoja na kung'aa kwake kote, imepangwa pamoja na klarineti na oboe katika ukoo wa ala za mbao. Mbona haina hata kijiti cha mbao? Kwa sababu hata waliozigawa ala za muziki hawakuangalia ngozi, waliangalia kinacholia na namna kinavyolia. Ridi inapigapiga kwenye kipulizio, hewa iliyo ndani ya bomba inajibu, na bomba ni pia ndefu, yaani umbo la koni, inayopanuka kutoka shingoni hadi domoni. Pia hiyo ndiyo saksofoni. Brasi ni kopo lake.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kutika. Walimsema mtu asiye na kitu kichwani, najua, lakini kwa saksofoni methali hii ni fizikia. Utupu wa debe ndio ala. Unaponunua alto, ile saksofoni ya ukubwa wa kati, unanunua nguzo ya hewa yenye urefu wa kama mita moja, iliyokunjwa ili ienee kifuani pako.

Mtauliza: sawa fundi, lakini hewa hiyo si inagonga kuta? Kuta si zinatetemeka? Nikishika saksofoni yangu naisikia ikitetemeka mkononi!

Kweli inatetemeka. Hata mimi naisikia. Lakini kutetemeka ni jambo moja, na kutoa sauti inayofika kwa aliyekaa mstari wa kumi ni jambo lingine. Hewa ni nyepesi na brasi ni nzito na ngumu. Ukipima ukaidi wa kila moja dhidi ya wimbi la sauti, brasi inaizidi hewa mara makumi ya maelfu. Wimbi la ndani likifika ukutani linarudishwa karibu lote. Ni kama kumsukuma tembo kwa unyoya. Atajua umemgusa, ila hahami.

Na kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalifikirii: uduara. Mnajua paketi ya maziwa, ile ya karatasi ngumu yenye pembe nne? Ipulize. Mbavu zake zinavimba. Sasa pulizia kopo la bati la mviringo. Unavimbisha nini? Hakuna. Ukuta bapa unapinda kirahisi kama ngozi ya ngoma, lakini bomba la mviringo haliwezi kuvimba mpaka chuma chenyewe kinyooke na kurefuka kuzunguka pande zote kwa pamoja, na chuma hakikubali hivyo kwa pumzi ya mtu.

Hapo ndipo kuna hadithi nzuri. Mwaka 1909 Mmarekani Dayton Miller, mwanafizikia na mpenzi mkubwa wa filimbi, aliandika kuhusu bomba la kinanda cha kanisani alilolitengeneza kwa bati jembamba la zinki. Alilifanya la kuta mbili, na katikati ya kuta akaacha nafasi ya kumimina maji. Bomba linalia, yeye anamimina maji. Na sauti ikabadilika! Ikapanda, ikashuka, ikawa ya ajabu, kadiri maji yalivyopanda. Hewa ya ndani ni ileile, umbo la ndani lilelile. Miller akasema: mnaona? Ukuta una neno.

Na alikuwa sahihi. Sitaki mtoke hapa mkidhani wanaoamini metali ni wajinga. Miller alipima, akasikia, akaandika. Lakini bomba lake lilikuwa na umbo gani? La pembe nne! Paketi ya maziwa. Kwa bomba bapa lenye kuta nyembamba, ukuta hucheza na sauti hubadilika. Kwa bomba la mviringo kama saksofoni, mambo ni mengine kabisa.

Kesi ya jirani wa karibu zaidi wa saksofoni ilisikilizwa mwaka 1964, pale mwanafizikia John Backus alipochunguza klarineti. Alipima kuta zinatetemeka kiasi gani na sauti inayotoka kwenye kuta hizo ina nguvu gani. Jibu: hafifu mno mbele ya sauti inayotoka kwenye matundu, haiwezi kuhesabika. Mimi ningeishia hapo, lakini najua mtasema kipimo si sikio.

Sawa. Tuje kwenye sikio. Mwaka 1971 mwanafizikia mwingine, John Coltman, naye mpiga filimbi, alitengeneza filimbi tatu zisizo na vibonyezo: moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mbao. Unene wa kuta ulitofautiana. Lakini umbo la ndani lilikuwa moja, na kichwa cha kupulizia, akaweka cha plastiki kinachofanana kwa zote tatu. Akawaweka wasikilizaji mahali wasipoziona. Hawakuweza kuzitenganisha. Akawajaribu wapigaji wenyewe, akihakikisha mikono yao haipati dokezo la kinachopulizwa. Nao hawakuweza.

Wapigaji wenyewe, jamani! Watu wanaoapa kwamba wanaijua fedha hata usingizini!

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Anasema moyoni, hizo ni filimbi, sisi tunaongea saksofoni. Haya mzee, twende Toronto.

Tarehe 15 Mei 1953, ukumbi wa Massey Hall. Jukwaani wako magwiji watano wa jazi: Charlie Parker na alto yake, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach. Sidhani kama kuna mtu hapa anayehitaji kuelezwa hao ni akina nani. Ukumbi haukujaa, maana usiku uleule Rocky Marciano alikuwa akipigana na Jersey Joe Walcott kuwania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, na ndondi ikila sahani moja na jazi, jazi hulala njaa. Lakini tepu ilikuwa inazunguka, na tunacho kilichorekodiwa.

Parker alishika nini mkononi? Grafton. Alto ya plastiki! Ya akriliki, rangi ya maziwa mgando, iliyotengenezwa London, yenye vibonyezo vya chuma na springi za ajabu ambazo fundi akiziona anakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Sasa niambieni ukweli. Wangapi mmeisikiliza rekodi hiyo? Wengi. Wangapi, kabla hamjaambiwa, mlisema, "Ngoja, hiyo ni plastiki"? Naona mkono mmoja, na mwenye mkono anacheka. Mimi niliisikiliza kwa miaka mingi kabla sijajua. Nilichosikia ni Parker. Mwaka 1994 Grafton yake iliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, kwa pauni 93,500. Ni bei kubwa kwa plastiki, ingawa nadhani hata fedha yenyewe ingeona wivu.

Na Parker hakuwa peke yake. Ornette Coleman, mpiga alto mwingine wa jazi, alinunua Grafton kwa sababu hela ya alto ya brasi haikutosha. Alifika New York mwishoni mwa 1959 na ile plastiki nyeupe shingoni, mji mzima ukagombana. Waligombana kuhusu noti zake, kuhusu mpangilio wake, kuhusu kama ule ni muziki au siyo. Kiini cha ugomvi hakikuwa akriliki.

Basi kama metali haina neno, mbona sisi tunasikia tofauti? Maana tunasikia! Nisingethubutu kusimama mbele ya watu wenye masikio kama yenu niwaambie mnaota. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapolia ugali wangu.

Kuna kijana alikuja karakanani. Amesoma mahali kwamba vanishi inaibana sauti, kwamba ukiivua bomba "linapumua." Anataka nimvulie. Nikamwambia haina maana. Akasema fundi, hela ni yangu. Basi. Ili kuvua vanishi lazima ufungue ala yote: kila kibonyezo, kila springi, kila pedi, yaani vile vifuniko laini vya matundu. Nilipomaliza kuvua, pedi zake za zamani zilikuwa ngumu kama maganda, siwezi kuzirudisha, nikaweka mpya. Nikazikalisha moja moja. Mnajua tunavyofanya: unaingiza kitaa chembamba ndani ya bomba, unazima taa za chumba, unafunga tundu kwa kidole chepesi, unaangalia. Kama kuna uzi wa mwanga unaochungulia pembeni mwa pedi, hewa nayo inapita hapohapo. Kisha unachukua ukanda wa karatasi ya sigara, unauweka chini ya pedi, unafunga, unavuta taratibu. Ukishikwa kila upande, pedi imekaa. Ukiteleza upande mmoja, hiyo pedi inavuja, hata kama jicho limesema imefunga.

Kijana akaja, akapuliza Si bemoli ya chini kabisa, ile ambayo zamani ilikuwa inamkohoa. Ikatoka laini kama mafuta. Akanitazama kwa macho yaliyojaa machozi, akaniambia: "Umeona fundi? Vanishi!"

Vanishi! Saa kumi na mbili za kukalisha pedi, na sifa zote zikaenda kwa vanishi.

Mnacheka, lakini jiulizeni ni mara ngapi sisi wenyewe tumefanya hivyo. Saksofoni ina zaidi ya matundu 20 yanayofungwa na pedi. Pedi moja ya juu ikivuja uwazi usiozidi karatasi ile ya sigara, noti zote zilizo chini yake zinakuwa wagonjwa. Mtu ananunua ala mpya ya bronzi, imetoka kwa fundi jana, pedi zote zimekaa, analinganisha na ala yake ya brasi ambayo haijaonwa na fundi miaka mitano. Kisha anasema, bronzi ina sauti nene. Bronzi, au pedi?

Na ukivua vanishi kwa mashine ya kung'arisha, hapo utabadilisha sauti kweli, ila kwa ubaya. Unakula chuma, unakula kingo za matundu, unaharibu usawa ambao pedi inategemea. Hilo nimelisafisha kwenye ala za watu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa nisimulie la kwangu. Nilinunua shingo ya fedha. Muuzaji simtaji, alikuwa mwungwana na chai alinipa. Nilijaribu palepale, nikaona mbingu zimefunguka. Noti za juu zikawa wazi, za katikati zikajaa. Nikalipa hela ambayo mpaka leo nyumbani haijulikani ilikuwa kiasi gani, na naomba wanaorekodi wakate hapo.

Miezi kadhaa baadaye mteja akaleta alto ya modeli ileile, shingo yake ya kawaida, brasi yenye vanishi iliyochubuka. Nikaipachika kwenye ala yangu kwa udadisi tu. Mbingu zikafunguka zaidi.

Nilikaa chini. Nikachukua vipimo vyangu, nikapima mdomo mwembamba wa shingo ya fedha, wa brasi yangu ya zamani, na wa brasi ya mteja. Zote tatu hazikulingana. Zilipishana kwa sehemu za kumi za milimita, na pindo la kila moja lilikuwa na uduara wake, moja imebonyea kidogo ndani ya kona. Kwenye domo la saksofoni, sehemu ya kumi ya milimita ni nukta baharini. Kwenye shingo, pale pia inapoanza, ni jambo zito, kwa sababu bomba lenyewe hapo ni jembamba. Mimi nilikuwa nimelinganisha shingo mbili zenye maumbo mawili, nikaipa metali ushindi.

Na hapa kuna kitu kinachowafanya watengenezaji wenyewe waamini. Fedha, brasi na bronzi hazikunjiki sawa. Moja inakakamaa haraka ikigongwa, nyingine inahitaji kupashwa moto mara nyingi ili ilainike. Kwa hiyo hata ukitumia kalibu moja, umbo la mwisho linaweza kupishana. Halafu fikirieni: karatasi ya fedha ya bei kubwa inapoingia kiwandani, bosi anampa nani aifanyie kazi? Mwanafunzi aliyeanza jana? Hasha. Anampa mkono wake bora kuliko yote. Basi ala ya fedha inaweza kweli kuwa nzuri kuliko ya brasi iliyo kando yake. Ila fedha haikufanya kazi hiyo. Aliyeifanya ni yule mzee wa kiwandani.

Mnataka kuona umbo lina nguvu gani? Wengi wenu mnaijua dawa ya kienyeji ya noti ya chini inayotetereka, ile inayolia bo-bo-bo kama boti. Unachukua kizibo, unakidumbukiza ndani ya domo kikae kule kwenye kona ya chini. Noti inatulia. Kizibo! Hujagusa metali ya ala hata kidogo, umeondoa hewa ya ujazo wa kizibo tu, mahali fulani. Umbo likibadilika kiasi hicho, hata sikio la mtoto linasikia. Ukibadilisha metali yote ukaliacha umbo, wapigaji wa Coltman hawakusikia.

Nasikia mtu ananong'ona Mark VI, ile saksofoni maarufu ya kampuni ya Selmer. Nilijua itafika. Kuna hadithi kwamba Selmer walipoanza kutoa Mark VI mwaka 1954, waliyeyusha maganda ya mizinga ya vita, na ndiyo siri ya sauti yake. Hadithi tamu. Lakini brasi ya maganda ya risasi na mizinga ni ya mchanganyiko gani? Shaba 70, zinki 30. Ni brasi ileile ya kawaida! Hata hadithi ikiwa kweli, ingekuwa kama kusema wali huu ni mtamu kwa sababu mchele ulipita kwenye gunia la mfalme. Waliochora pia ya Mark VI walijua kuchora, hilo ndilo la kuwapongeza.

Na bado kuna sisi wenyewe, tunaopuliza. Meno yako yako wapi ukipiga? Juu ya kipulizio. Mtetemo unapanda kwenye meno, unaingia kwenye fuvu, unafika sikioni kwa njia ya ndani ambayo hakuna mwingine ukumbini anayo. Jaribuni leo usiku: bandikeni kipande kidogo cha mpira pale meno yanapokaa, kisha mbandue. Mtasema ni ala mbili. Muulize aliyekaa mbele yako. Atasema hajasikia kitu. Vidole navyo vinasikia bomba, shingo yako inasikia uzito. Alto ya brasi ina kama kilo mbili na nusu, ya plastiki inaweza isifike kilo moja. Mwili ukipewa taarifa zote hizo, unadhani sikio litabaki huru? Nawaambia ukweli, mpigaji anayeipenda ala yake hupiga vizuri zaidi, na kama kinachomfanya aipende ni mng'ao wa fedha, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na bei tu.

Kwenye vipulizio nitapita haraka, kila mtu hapa ana sanduku lake. Watu husema kipulizio cha chuma kinachoma, cha eboniti, yaani mpira mgumu, kina utulivu. Kikate katikati uone. Cha chuma mara nyingi kimechongwa na paa la juu na chumba kidogo ndani, ndiyo maana kinachoma. Chonga eboniti hivyohivyo, nayo itachoma. Na nyuma ya kipulizio kuna koo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, walionyesha mwaka 2008 kwamba wapigaji wazoefu, wakipanda zile noti za juu kabisa, hurekebisha umbo la koo na mdomo ili lifuate noti, na wanaoanza hawawezi. Koo! Hapo metali ni nyama.

Je, metali haina haki yoyote? Inayo. Kuna watu ambao jasho lao linakula vanishi kwa msimu mmoja. Hao nawashauri ngozi ya fedha, na nawashauri kwa moyo mweupe. Vibonyezo vya fedha ya Kijerumani ni vigumu, havipindi ovyo. Mwenye maumivu ya shingo na atafute ala nyepesi, asimsikilize mtu. Na ala nzuri kwa macho ni nzuri kwa macho, hiyo nayo ni haki. Sisemi pia kwamba ukuta hautoi kitu hata kidogo. Maabara yenye vyombo vikali hupima vitu vidogo sana. Nasema ukiwa na hela ya kutumia, mpeleke mgonjwa kwa fundi kwanza, umtafutie kipulizio kinachomfaa na ridi nzuri, na kikibaki kitu, nunua rangi unayoipenda.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Zinatosha, maana nimewaandalia jambo.

Nyuma ya pazia lile kuna alto tatu: ya brasi yenye vanishi, ya brasi yenye ngozi ya fedha, na ya plastiki. Zote zitatumia kipulizio kimoja na ridi moja. Atakayepiga ni dada yetu, nanyi mnamjua. Amefungwa kitambaa machoni, na ala tumezitundika kwenye stendi ili mabega yake yasijue uzito. Nani anatangulia tumeamua kwa kurusha shilingi.

Lakini sikilizeni vizuri swali, kwa sababu hapa wengi hudanganyika. Sitawauliza kama zinatofautiana. Zitatofautiana! Zimetengenezwa na watu watatu, zina pia tatu, matundu hayakupangwa sawa. Coltman alitengeneza filimbi zake mwenyewe kwa sababu hiyohiyo. Mkisikia tofauti, hamjathibitisha lolote. Swali langu ni jingine: ipi kati ya hizo tatu ni yenye ngozi ya fedha, na ipi ni ya plastiki? Andikeni kwenye karatasi, namba moja, mbili, tatu. Msiangaliane. Mzee uliyetikisa kichwa, wewe njoo ukae hapa mbele kabisa, na karatasi yako nitaisoma ya kwanza.

Simu zizimwe tafadhali. Dada, karibu. Namba moja.